Friji la Mkaja

Wanawake wa bombani walisema kamera ya joto ya mafundi inamwona hata mtu aliyekwisha kuondoka. Maneno hayo hayakunitoka, lakini friji lilikuwa limekufa na maziwa ya mjukuu yanaharibika, nikamwita fundi Kibwana.

Binti yangu Zawena, aliyemkimbia mumewe kwa kipigo, akajificha chumbani na mtoto. Nikaficha nguo zao zote.

Kibwana akaelekeza kamera, akacheka. "Mama, hapa kuna watu wamenikimbia!"

Kwenye mkeka, mbele ya friji, joto lao lilikuwa limebaki: mtu mzima alivyokaa, na pembeni mtoto alivyolala chali.

"Ni paka huyo, baba."

"Paka mwenye visigino?"

Nikamsihi aifute picha hiyo. Akaacha kucheka.

"Haifutiki, mama. Siku hizi kila tunachotengeneza lazima tukipige picha, na picha inakwenda yenyewe kwa aliyekinunua. Hili kanunua nani?"

Alilinunua mkwe wangu, likawa mkaja wangu, zawadi anayopewa mama wa bibi harusi. Nililipokea kwa vigelegele.

Sasa linagandisha vizuri. Mumewe alikuja kumchukua Zawena kabla maziwa hayajapata baridi.

Wenye mabinti, nawaomba:

Msipokee chombo cha umeme kwa mkwe.

Mkiwa mmeshapokea, kikifa kiacheni kife.

Msimkalishe mtu aliyejificha karibu na kifaa kibovu.

Fundi akibisha hodi, msimfungulie mkeka ukiwa bado una joto.