Kiganja Juu ya Picha

Mwalimu alifunika picha ya kitabuni kwa kiganja, yakabaki maneno matupu. Hivyo ndivyo watoto wanavyopimwa kabla ya kupanda darasa, maana wapo wanaosoma picha tu.

Mwanangu alikitazama kile kiganja chenye vumbi la chaki kwenye kucha. Kitabu hicho tulikuwa nacho nyumbani. Miaka miwili nilimsimulia habari za msichana aliyepanda mbegu ndani ya kopo, ikaota siku hiyohiyo. Nilisimulia kwa kufuata picha. Kusoma sikujua, na yeye hakujua kwamba sijui.

"Soma, mrembo," mwalimu akamwambia. "Kitabu haking'ati."

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Mbe-gu ya kwa-nza ha-i-ku-o-ta." Akasita. "A-ka-pa-nda nyi-ngi-ne."

"Umepita," mwalimu akasema, akaondoa mkono.

Mwanangu hakuiangalia picha. Alinigeukia mimi, niliyekaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti karibu yaguse kidevu.

"Mama, mbona kila siku unasema iliota?"

Mwalimu akacheka. "Akina mama nanyi, kwa kutia chumvi!"

Mtoto hakucheka. Aliyatazama maneno, akanitazama tena, kwa muda. Kisha akafunua ukurasa uliofuata, akakishika kidole changu na kukiweka chini ya neno la kwanza.

"Polepole tu," akaninong'oneza. "Haking'ati."

Nilikuwa na wiki sita tangu nianze darasa la jioni la watu wazima, daftari nimelificha mkobani. Herufi ya kwanza niliijua.

Nikafumbua mdomo.