Kinanda Kinachosubiri

Kinanda kilikuwa kinamsubiri mtu. Anisia alilisikia hilo katikati ya wimbo wa sadaka, akaendelea kuimba kwa sababu midomo ilishazoea. Mwisho wa ubeti, kabla ya mstari wa kufungia, vidole vya mumewe vilikaa mahali pamoja kupita ilivyoandikwa. Kidogo tu. Kisha vikaendelea na safari.

Zamani asingesikia kitu. Wimbo ulikuwa wimbo: unakuinua, unakushusha, unarudi nyumbani kupika. Lakini Mwalimu Telesphori, mumewe, alikuwa akiitwa Kahama kwenye semina kila mara, na kanisa lao la Ushirombo halikuwa na mpigaji mwingine. Basi akamfundisha mkewe. Jioni, wanakwaya wakishaondoka, walikaa wawili kwenye kile kinanda cha kukanyaga kilichoachwa na mapadre wa kizungu, yeye akimpanga vidole, Anisia akicheka kama mwali.

Elimu hiyo ilimpa mengi, ikamnyang'anya wimbo mzima. Sasa alisikia mkono wa kushoto peke yake na wa kulia peke yake, besi wanaochelewa, miguu inayokanyaga kivivu. Mtu akishapikia harusi hali tena ugali wa jirani bila kuyaona mabuje ya unga.

Na sasa hili. Jumapili hadi Jumapili alitega sikio, na katika kila wimbo kusubiri kulikuwa palepale. Mpigaji hasubiri kwaya nzima, maana kwaya nzima haipumui pamoja. Anasubiri mtu. Telesphori alikaa akiwapa waimbaji mgongo, kwa hiyo alikuwa akimsubiri mtu huyo kwa masikio.

Kumjua hakukuhitaji mganga. Philomena, muuguzi mpya wa zahanati, ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza, na sauti yake ilikuwa ya kumtoa nyoka pangoni. Anisia alisimama nyuma, sauti ya pili, wanakowekwa watu wa kujazia.

"Shikamoo, Mama Ignas," Philomena alimwambia siku moja wakitoka mazoezini.

"Marahaba."

"Mwalimu anajua kusubiri, jamani! Yule wa kwetu Ushetu alikuwa anatuswaga kama ng'ombe wa mnadani."

"Anajua," Anisia akasema.

Ikaja Jumapili ambayo Philomena alikuwa amekwenda kwao. Kinanda kilisubiri vilevile. Hapo ndipo Anisia alipoishiwa nguvu. Kumsubiri aliyepo, sawa, mtu anaweza kusamehe. Huyu sasa alikuwa anamsubiri hata asiyekuwepo.

Hakulia. Alidhani atalia, akayangoja machozi, hayakuja. Kilichokuja ni ganzi, kuanzia tumboni hadi kwenye vidole. Alisonga ugali, akafua, akapalilia pamba, akamwitikia mumewe kila alipoitwa. Hata mazoezini alikwenda. Masika yaliyopita alilazwa kwa nimonia, akatoka hospitali na kifua cha kukoroma na pumzi fupi kama ya kikongwe, na bado alirudi kwaya na nyimbo hazikumshinda. Sasa alitamani zingemshinda tu, akae nyumbani asisikie.

Jioni moja, wakila, alimuuliza.

"Baba Ignas, unamsubiri nani?"

"Namsubiri wapi?"

"Kwenye kinanda. Nimekusikia."

Tonge la Telesphori liliishia njiani. Akatabasamu kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni. "Kumbe nimekufundisha vizuri."

"Ni nani?"

"Sikwambii. Mtu akijua anasubiriwa, ataanza kuimba kwa aibu. Halafu anipotee."

Anisia akakusanya vyombo. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akaweka uvunguni; lori la pamba lingeondoka Jumatatu kuelekea Kharumwa, kwa mama yake. Yale maneno ya mezani yalitosha kumpandisha lori, ila alitaka kwanza aisikie ile pumzi inayosubiriwa, aijue, ili huko mbele moyo usije ukamdanganya kurudi.

Tatizo ni kwamba anayeimba hujisikia mwenyewe kwanza. Kwa hiyo Jumapili ile, wimbo wa sadaka ulipoanza, Anisia alifumbua mdomo pamoja na wenzake, akaufumba pamoja nao, bila kuvuta pumzi ya kuimba wala kutoa sauti. Masikio yote aliyapeleka kwa Philomena. Ubeti ukafika mwisho. Kinanda kikashikilia, kikasubiri.

Philomena akavuta pumzi, akaingia mstari wa kufungia. Sauti ya kwanza ikamfuata, besi nao wakafuata kwa kuchelewa kwao. Kinanda hakikutoka pale kilipokuwa. Waimbaji wakaanza kutazamana, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, hadi ikabaki sauti ileile ya kinanda, imeshikiliwa, na miguu ya Telesphori ikikanyaga bila kupumzika. Waumini wakageuza shingo.

Ndipo Mwalimu naye alipogeuka, vidole vikiwa bado vimekandamiza. Macho yake yalimpita Philomena, yakaivuka safu ya mbele, yakamfikia Anisia. Hakumtazama usoni. Alimtazama kifuani, aone kama kinapanda.