Plastiki ya Kuoza

Kisu cha daktari wa mifugo kilipopasua tumbo la ng'ombe aliyekufa, Mbeti aliona donge jeusi la plastiki, kubwa kama kichwa cha mtoto.

Ng'ombe alikuwa wa jirani yake hapa Kayole, mjane aliyelea watoto wanne kwa maziwa yake. Mwaka jana Mbeti ndiye aliyemuuzia plastiki ya kufunikia udongo kwenye shamba lake la mboga za sukuma wiki kando ya mto. Aliwahakikishia kina mama wote wa kikundi chao cha wakulima kwamba ingeoza yenyewe.

Daktari alishika ncha moja, akavuta. Ikanyooka bila kukatika, na alama ya jani la kijani, ya kuonyesha kwamba inaoza, ilikuwa bado inang'aa.

"Hii mlitoa wapi?"

Mjane alikuwa amepiga magoti, mkono juu ya shingo ya ng'ombe. Hakumtazama daktari. Alimtazama Mbeti.

"Tulipovuna niliiacha palepale shambani," akasema polepole. "Si ulisema niiache?"

Harufu ya tumbo ilimjaa Mbeti kooni. Nyumbani kwake yalikuwa yamebaki mabunda sita ya plastiki hiyo, na kina mama wangekuja kuyachukua kesho.

"Ni mimi niliyemuuzia, daktari," alisema. "Na si yeye peke yake."