Mteja wa Liganga

Alfonsi hakuwa na cheti cha sekondari, hakuwa na lori, hakuwa na mke tena, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba hana mtoto. Mwaka 1996 alikuwa na duka la mbegu na mbolea Njombe mjini, na kompyuta moja.

Sudi, mfanyabiashara wa Makambako aliyeuza kwa bei ya chini, alipita kumcheka.

"Mzee, kompyuta ya nini? Viazi vitaota humo ndani?"

"Wewe una malori, Sudi. Mimi nina watu. Hii itanikumbusha nani kaacha kuja."

Huo ndio ulikuwa mpango wake wote. Kwa bei hakumweza Sudi. Wateja wakiisha, duka linafungwa.

Januari, karani wake Germana aliingiza majina kutoka kwenye daftari la zamani. Humo yaliandikwa kienyeji tu: Oktavia wa Uwemba, Hezekia wa Ilembula. Kompyuta ilidai na jina la baba, la sivyo iligoma kuendelea.

"Clemens wa Liganga, baba yake nani?"

Mzee alikuwa akihesabu magunia. Akaanza kuhesabu upya.

"Weka nukta."

Germana akaweka nukta. Huyo Clemens hakuwahi kufika dukani. Kila mwaka alimtuma konda wa basi la Ludewa amchukulie mbegu, ingawa za Sudi zilikuwa rahisi zaidi.

Desemba kompyuta ilitoa wateja kumi na mmoja waliopotea, na barua moja kwa wote. Alfonsi aliitunga kwa siku tatu: "Hatujakuona muda mrefu. Kama tulikukosea, tusamehe. Rudi."

Germana alizipanga bahasha, akasita.

"Huyu wa Liganga tumtoe, Mzee. Konda alituambia walimzika Juni, umesahau? Mashine haijui kama mtu amekufa."

"Usimtoe."

"Sasa atasoma nani?"

Alfonsi aliichukua barua ya Clemens. Aliisoma mpaka mwisho kana kwamba ameandikiwa yeye, akaikunja, akaitia ndani ya bahasha. Kisha akachukua kalamu, na juu ya bahasha, pale penye nukta baada ya jina la Clemens, akaandika jina lake mwenyewe.

Akalamba gundi, akaifunga, akatembea nayo hadi stendi, akamkabidhi konda.