Chanzo cha Rogathe

Rogathe alibandika tangazo kwenye nguzo ya soko la Same, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, akajiona mtu kati ya watu.

JUMAMOSI SAA NNE ASUBUHI, ROGATHE ANAFUNGUA CHANZO. NI BURE KWA WOTE. Alitaka kuongeza maelezo, ila alikuwa akiandika nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, na karatasi ikamwishia.

Shamba la mkonge alikokuwa karani lilipobinafsishwa, alipunguzwa kazi. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakafungua magenge ya mboga. Yeye alinunua kompyuta ya mtumba, akajifungia chumbani miezi saba kutengeneza programu ya kuandikia programu. Ndiyo, hivyohivyo ulivyosikia. Baba yake mdogo, Fanueli, mwenye chumba hicho, alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani jembe la kulimia jembe?"

Na maandishi yote ya ndani ya programu, ambayo wataalamu huyaita chanzo, Rogathe aliamua kuyaacha wazi: anayetaka achukue, atumie, arekebishe. Alichotaka ni watumiaji tu.

Fanueli naye alitaka kitu kimoja. "Jumamosi nisipoona watu kumi mlangoni, Jumatatu naingiza tangawizi yangu humu. Hiyo kompyuta ipeleke kwa mama yako kijijini Suji, ikalale na mbuzi."

Watu kumi! Kwa mji ule, mwaka ule wa tisini na tisa, waliowahi kuigusa kompyuta hawakufika hata watano. Rogathe alipoteza hamu ya kula.

Lakini kesho yake Mwamvita, muuza maandazi, alimsimamisha njiani. "Binti, hiki chanzo chako ni bure kweli?"

"Bure kabisa, mama."

"Hakitatuishia?"

"Hata wakichukua watu elfu, hakipungui."

Mwamvita alishika mdomo. "Na nikimgawia jirani?"

"Nakuomba umgawie!"

Jioni, Rogathe akiwa sokoni, alikuja mzee Meitamei, mfugaji, kutoka huko tambarare.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia habari. Ni kisafi?"

Rogathe karibu amkumbatie. Kumbe hata wafugaji wanafuatilia mambo ya kompyuta, na sisi tunawadharau! "Nimekisafisha kwa mikono yangu, mzee. Ukikuta mdudu," alisema, maana wataalamu huliita hivyo kosa la programu, "niambie, nitamtoa."

"Aa, wadudu tumewazoea," alisema Meitamei. "Mungu akubariki. Umewafikiria watu."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Rogathe maneno hayo. Alilia njia nzima kurudi nyumbani, tena kwa sauti.

Jumamosi, saa nne kasorobo, Rogathe na Fanueli walikuwa ndani, mlango na dirisha vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Disketi hamsini zilikuwa mezani. Nje kulikuwa na makelele kama ya mnada.

Fanueli alitega sikio mlangoni. Alianza kuhesabu sauti, akafika thelathini, akaacha.

"Mwanangu," alisema, "hao si kumi. Hao ni wilaya nzima. Nilikudharau, nisamehe. Chumba ni chako mpaka Yesu arudi."

"Na tangawizi?"

"Ioze!"

Rogathe alijifuta machozi, akaweka kanga yake vizuri, akachukua disketi ya kwanza. Mtu wa kwanza atakayeipokea, alijiambia, nitamkumbuka maisha yangu yote.

Akafungua mlango kwa mikono miwili.

Mbele kabisa alisimama mzee Meitamei na punda wanne, wote wamebebeshwa madumu matupu. Nyuma yake, kuanzia hapo mlangoni mpaka barabara kuu, ilikuwa foleni ya ndoo.

"Haya, binti," Mwamvita alipaza sauti, akiinua ndoo yake juu. "Fungulia!"