Vitambaa vya Kushikia Sufuria

Jikoni kwa Bi Zawena hakikutupwa kitu. Maganda ya ndizi yalikwenda shimoni kurutubisha mchicha, makopo yaligeuzwa vikombe, na kanga kuukuu zilikatwa vitambaa vya kushikia sufuria. Mashavu, mke mpya wa mwanawe, aliusifu sana utaratibu huo.

Fungate ilipokwisha akaingia jikoni kusaidia. Alikuwa akivikunja vile vitambaa alipoona kwamba havikuchakaa hata kidogo. Vilitoka kwenye kanga mbili, ya zambarau na ya kijani, na rangi zilikuwa bado zinang'aa.

"Mama, hizi kanga zilikuwa za nani?"

"Za wake waliokutangulia," mkwewe alijibu huku akinoa mkasi. "Yule wa zambarau alijua kupika, maskini."

"Kwani walirudi kwao?"

Bi Zawena akatazama nje, kwenye mchicha uliostawi ukafika kiunoni.

"Hapa hatutupi kitu, mwanangu."

Kisha akainama, akashika pindo la kanga mpya aliyojifunga Mashavu, akaanza kuipima kwa shibiri, taratibu, kutoka chini kwenda juu.