Nafasi ya Zuhura

Haya, tegua hiki: nyumba imebomolewa, anwani yake bado ninayo mfukoni. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni kielekezi, yaani anwani ndani ya programu, kinachoonyesha nafasi ya kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa kwa mashine. Bi Mwanakheri alikijibu hicho kwenye usaili bila kukohoa.

Enzi hizo, mwenye mgonjwa wa mashine ya kupumulia nyumbani alisailiwa kila mwezi kuhusu C, lugha ya kompyuta iliyoendesha mashine hiyo. Akishindwa, mgonjwa alipelekwa wodi ya pamoja, na kutoka huko hakurudi mtu.

"Safu ya vitu kumi, cha kwanza hupewa namba gani?" msaili aliuliza kutoka kwenye skrini.

"Sifuri, mjukuu wangu. Hata huyu mume wangu anajua, na shule aliitoroka."

Mzee Sefu akatabasamu chini ya barakoa. Tangu Jumatatu pumzi zake zilikuwa zikikatika.

"Ukiomba nafasi kwenye kumbukumbu usiirudishe, hutokea nini? Na kwenye mashine yenu, nafasi hiyo anayo nani?"

Bibi akamgeukia mumewe. Miaka mitatu alikuwa ameficha kwenye kumbukumbu ya mashine hiyo sauti ya binti yao marehemu, iwaamkie kila asubuhi.

"Bibi, muda unakwisha."

Mzee akatikisa kichwa: sauti isifutwe. Bi Mwanakheri akamshika mkono, akautazama ukuta.

"Kumbukumbu hujaa, mashine ikaelemewa, mtu akakosa pumzi," alisema. "Nafasi anayo mwanetu Zuhura. Naifuta sasa hivi."